Samoni watano kwenye mkono mmoja

Watoto wa Seattle, nchini Marekani, hufundishwa aina tano za samoni wa Pasifiki kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini mbinu hiyo inategemea vina vya Kiingereza. Mama mmoja mzaliwa wa Tanga, anayelea binti wa miaka 7 mjini humo, ilimbidi aigeuze.

Kidole cha kati ni "king", mfalme, mkubwa kuliko wote. Cha pete ni "silver", fedha. Cha mwisho ni "pink", mdogo wao. Cha shahada ni "sockeye", kwa kuwa ndicho kinachoweza kumchoma mtu jicho, na jina hilo linaishia na jicho la Kiingereza. Gumba likabaki na "chum". Mama akaongeza herufi moja: chuma. Nani huchuma mchicha bila gumba? Binti akacheka, akashika.

Kisha wakajifunza alama. Mfalme ana fizi nyeusi na madoa mkia mzima. Silver ana fizi nyeupe, na madoa sehemu ya juu ya mkia tu. Pink ana madoa makubwa yenye umbo la yai. Sockeye na chum hawana madoa makubwa. Wakienda kutaga, sockeye huwa mwekundu mwenye kichwa cha kijani, na chum hutoka mistari ya zambarau.

Huko Ballard kuna ngazi ya samaki yenye madirisha. Mwezi Julai walisimama hapo wakiwatazama sockeye wakipanda kutoka baharini. Mama akaeleza: wanarudi walikozaliwa, wakiutambua mto wao kwa harufu. Wakiingia maji baridi hawali tena. Jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, kisha dume na jike hufa kabla mayai hayajaanguliwa.

Bibi alikuwa amefariki Tanga mwezi mmoja kabla. Binti alimjua kwa simu tu.

"Kwa hiyo watoto hawamwoni mama yao?"

"Hawamwoni, mwanangu. Ila mwili wake ukioza hulisha wadudu wa mtoni, na watoto hula wadudu hao wakue."

"Na bibi katuachia nini?"

"Kwanza, jina lako."

Binti akataka kujua cha pili, na cha tatu. Wazazi wengi hulikwepa swali la kifo. Mama huyu naye alikuwa amelikwepa mwezi mzima, mpaka siku ile mbele ya samaki.