Ukelele Usiochubua Koo

Kwa mtu aliyezaliwa Bura, kusema kwamba amekwenda chuo kikuu akajifunza kupiga kelele ni jambo la kuchekesha. Kwetu sauti kubwa ni zana ya kazi, kama zilivyo fimbo ya mchungaji na kibuyu cha maziwa. Ngamia huitwa kwa sauti, na mtoto aliye nyuma ya vichaka huitwa kwa sauti. Ninayoizungumzia ni Bura ya Garissa, makao makuu ya Fafi, mashariki ya Mto Tana. Si Bura ya ng'ambo ya mto yenye mradi wa umwagiliaji, wala Bura ya Taita. Wenzetu wa ng'ambo wana maji ya mifereji. Sisi tuna vumbi, na vumbi hilo litajitokeza tena katika maelezo yangu, kwa kuwa sauti ya binadamu haipatani na ukavu.

Kelele nilizojifunza ni za muziki wa metali. Kwa asiyeujua, huu ni muziki wa magitaa ya umeme ambayo mlio wake umekwaruzwa makusudi, na ngoma ziendazo mbio, huku mwimbaji akinguruma kama simba au akitoa ukelele mwembamba unaochoma masikio. Mwenzangu wa chumbani, mzaliwa wa Nairobi, ndiye aliyenijulisha nao. Kundi la Kenya lililovuma sana nje ya nchi katika fani hii ni Duma, la watu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mimi nami, kwa mazoea ya mwanafunzi wa Kiswahili, nilipoliona jina hilo nilimfikiria mnyama aendaye mbio. Kumbe walilichota katika Kikikuyu, ambamo linahusu giza. Khanja, ambaye jukwaani hujiita Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, mwaka 2024. Nilipomsikia kwa mara ya kwanza sikujiuliza kama muziki ule ni mzuri au mbaya. Nilijiuliza: mtu huyu akiamka kesho ataweza kuagiza chai?

Jibu la swali hilo lilikuwa mezani pangu tayari, ndani ya daftari la fonetiki. Sote tumeuchora mchoro ule wa kichwa kilichopasuliwa ubavuni, tukaandika majina ya ala za matamshi: midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, na huko chini kabisa, nyuzi sauti. Tukajibu mtihani kwamba sauti ghuna hutolewa nyuzi sauti zikitetema na sauti sighuna hutolewa zisipotetema, tukapata alama zetu, tukafunga daftari. Aghalabu hatuambiwi kwamba nyuzi hizo ni mikunjo miwili midogo ya nyama laini, na kwamba mwanamume akizungumza kwa kawaida hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde, na kwa mwanamke zikakaribia 200. Fikiria idadi ya migongano hiyo katika kipindi kimoja cha dakika 40. Anayelazimisha sauti huzifanya zigongane kwa kishindo. Huvimba, sauti ikakauka, na akiendelea hivyo kwa muda mrefu huenda zikaota vinundu kama vile sugu zinavyoota katika kiganja cha mwenye kushika jembe.

Juu kidogo ya nyuzi hizo kuna mikunjo mingine miwili ambayo mchoro wetu haukuionyesha. Wataalamu huiita nyuzi sauti bandia. Katika mazungumzo ya kila siku hukaa pembeni. Hufanya kazi yake tunapokohoa, tunapomeza, au tunapofunga pumzi ili kuinua mzigo mzito. Mngurumo wa mwimbaji aliyefundishwa vizuri hutoka hasa huko: pumzi hupita kwa utulivu, mikunjo ya juu ikajongea na kutetema pamoja na nyama zinazoizunguka, nazo nyuzi za kweli zisikandamizwe. Masikio yetu husikia ghadhabu kubwa, ilhali chini mzigo ni mdogo. Ukubwa wa sauti, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kipaza sauti. Ukisimama karibu na mwimbaji stadi kabla mitambo haijawashwa utashangaa jinsi asivyofanya makelele.

Haya si maneno ya kudhania. Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji, Mhispania Manuel García, alitumia vioo na mwanga wa jua akaliona koo lake mwenyewe likifanya kazi, na mwaka uliofuata maelezo yake yakasomwa mbele ya wanasayansi wa London. Yaani hatua kubwa katika elimu ya koo ilipigwa na mwalimu wa waimbaji, jambo ambalo napenda kuwakumbusha wanaotudharau sisi watu wa sanaa. Mwaka 2005 Melissa Cross, mwalimu wa sauti wa New York, alitoa filamu ya mafunzo kwa ajili ya waimbaji wa metali, The Zen of Screaming. Na katika miaka hii ya 2020, Will Ramos wa bendi ya Lorna Shore alikubali kamera nyembamba ipitishwe puani mwake hadi kooni huku akinguruma mbele ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah. Sehemu za juu zilionekana zikicheza kwa namna za ajabu, nazo nyuzi zake za kweli zilikuwa na afya njema.

Nilipoyasoma hayo nilihisi kwamba nimewahi kufika mahali hapo. Lugha yangu ya mama ni Kisomali, na Kisomali kina sauti mbili za koromeo ambazo Kiswahili hakina. Katika hati ya Kilatini iliyoidhinishwa mwaka 1972, moja huandikwa kwa herufi x na nyingine kwa c, jambo linalowachanganya wenzangu darasani kila wanaposoma majina yetu. Aidha, kabla sijalijua neno fonetiki, nilikuwa nimekaa dugsi, yaani chuo cha Kurani, ambako mwalimu alitufunza makharij, mahali zinapotokea herufi. Tuligawiwa koo katika sehemu tatu, chini, katikati na juu, na kila sehemu ikapewa herufi zake. Mtoto wa miaka 7 alijua kwa vidole vyake mwenyewe shingoni kwamba ain hutoka katikati ya koo. Sisemi kwamba kisomo kitukufu na muziki wa metali ni kitu kimoja. Mungu apishe mbali. Nasema koo ni lile lile. John Esling, mwanafonetiki wa Kanada, ameonyesha kwa kamera kwamba sauti za aina hiyo hufanywa kwa kubana sehemu ya juu ya kongomeo, jirani kabisa na pale unapotoka mngurumo. Mwenzangu wa Nairobi alihangaika wiki nyingi kupatafuta mahali hapo. Mimi nilipajua kwa jina.

Hata hivyo kupajua hakutoshi. Mazoezi yenyewe hayana fahari yoyote. Unalala chali, unaweka kitabu juu ya tumbo, unavuta pumzi hadi kitabu kiinuke huku mabega yakiwa yametulia, kisha unaitoa kwa mlio wa s, polepole, bila kusukuma, hadi kitabu kishuke. Siku nyingi hufanyi zaidi ya hapo. Baadaye unaguna, mguno ule wa mzee anayenyanyuka mkekani. Unaurefusha, unaulegeza, unausikiliza. Ukisikia mkwaruzo mzito usio na maumivu, umefika. Ukisikia kichomi, mtekenyo au haja ya kukohoa, unanyamaza siku hiyo. Dakika 10 zinamtosha anayeanza. Maji hunywewa kutwa nzima, kwani funda la dakika ya mwisho halipiti juu ya nyuzi sauti. Likipita huko utapaliwa. Kukohoa kwa nguvu ili kusafisha koo kunagonga nyuzi. Heri kumeza mate. Sauti ikikauka, kunong'ona kwa kujikaza si mapumziko, bali ukimya ndio mapumziko. Ukavu ukizidi wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo. Nitaongeza moja kwa ajili ya watu wa kwetu: mkesha wa miraa na moshi wa sigara huliacha koo limekauka kama mto wa msimu wakati wa jilaal, kiangazi chetu kikali.

Mwenzangu aliyaona hayo kuwa ni mambo ya kitoto. Baada ya tamasha moja alipwewa na sauti siku tisa, akawa ananiandikia vijikaratasi chumbani. Ndipo alipokiomba kitabu changu.

Likizo ilinikuta Bura, na huko hakuna chumba cha mazoezi. Nilikuwa nikienda nje ya mji alfajiri, kabla joto halijapanda kupita nyuzi 35. Siku ya tatu mama aliniita. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba mwanawe amerudi kutoka chuoni na kitu kichwani, na mmoja wao alikuwa amejitolea kunisomea. Nikamweleza kwa adabu, "Hooyo, ni somo la sauti." Akaniuliza, "Somo hilo lina mshahara?" Sikuwa na jibu la kumpa. Aliyenitetea ni awowe, babu yangu mzaa baba, mzee ambaye amewaita ngamia tangu utotoni na sauti yake ingali safi. Aliniagiza ningurume mbele yake. Nikanguruma. Hakucheka. Alininyooshea fimbo tumboni akasema, "Inatoka hapa. Basi haitakudhuru." Kisha akaongeza kwamba muziki wenyewe ni mbaya sana, na hapo sikumpinga, maana awowe hapingwi.

Lakini kilichonifanya niandike makala haya si awowe, ni mwalimu wangu wa darasa la sita. Alikuwa mwalimu hodari. Jumatatu alitufundisha kwa sauti nzima, Jumatano kwa sauti ya kukwaruza, na ikifika Ijumaa aliandika ubaoni na kutuelekeza kwa ishara. Sisi watoto tulidhani ni hasira. Leo najua kwamba alikuwa akishindana kila siku na upepo, bati, vumbi la chaki na darasa lililofurika, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba koo hufundishwa. Utafiti wa Nelson Roy na wenzake uliochapishwa mwaka 2004, kuhusu majimbo mawili ya Marekani, ulionyesha kwamba asilimia 11.0 ya walimu walikuwa na matatizo ya sauti wakati wa kuhojiwa, dhidi ya asilimia 6.2 ya watu wasio walimu. Na zaidi ya nusu ya walimu, asilimia 57.7, walikuwa wamewahi kuyapata maishani. Huko ni Marekani. Mwanzoni mwa 2020, baada ya walimu kuuawa katika mashambulizi, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Waliobaki walibebeshwa madarasa ya wenzao, na madarasa yakiunganishwa sauti hupandishwa.

Wengi wetu tunaosoma jarida hili tunaelekea huko huko darasani. Mwimbaji wa metali hupanda jukwaani kwa saa moja akiwa amepasha sauti yake moto na ana kipaza sauti. Mwalimu wa Kiswahili husimama vipindi sita kwa siku bila hiki wala kile, halafu jamii inamwonea huruma yule wa kwanza. Mimi muhula ujao nakwenda mazoezi ya kufundisha karibu na nyumbani, na nitabeba chupa ya maji na filimbi.

Kwa chama chetu nina ombi moja. Katika kongamano lijalo tupewe saa moja, baada ya mada za fonolojia, tulale chali sakafuni, wahadhiri wakipenda nao wajiunge. Kitabu cha kuweka juu ya tumbo kila mmoja anacho. Misingi ya Sarufi ya Kiswahili cha Habwe na Karanja kina uzito wa kutosha, nimekijaribu.