Mbwa wa Tobia na Paka wa Nyumba Zetu



Wapendwa waamini, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya viumbe ambao ni nadra kutajwa mimbarini, nao ni mbwa na paka tunaoishi nao. Huenda baadhi yenu mtatabasamu na kuuliza, je, Padre amekosa mada? La hasha. Ye yote aliyesoma Kitabu cha Tobiti anakumbuka kwamba kijana Tobia alipoanza safari ndefu ya kwenda Umedi pamoja na malaika Rafaeli, mbwa naye alifuatana nao, na waliporudi nyumbani alikuwa pamoja nao. Mwandishi mtakatifu hakuona haya kumtaja. Na jina Rafaeli maana yake ni Mungu huponya. Kwa hiyo si ajabu tukizungumza juu ya mbwa na juu ya afya kwa pamoja.

Katika sehemu zetu hizi, toka Shinyanga hadi Geita, ni nyumba chache zisizo na mbwa au paka. Mbwa huchunga ng'ombe pamoja na watoto, hulinda boma usiku, na huko machimboni, Nyarugusu, Rwamagasa na Mwakitolyo, hulinda viroba vya mawe ya dhahabu wakati wenyewe wamelala. Paka naye hulinda mpunga, mahindi na karanga, kwani wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Hata hapa nyumba ya mapadre tunao mbwa wawili na paka mmoja. Hawa wote hutufanyia kazi bila mshahara. Swali ni hili: sisi tunawafanyia nini?

Miezi michache iliyopita tuliitwa katika kigango kimoja kuongoza mazishi ya mtoto wa miaka saba. Miezi miwili kabla ya kifo chake aling'atwa mkononi na mbwa wa nyumbani kwao, mbwa aliyemzoea. Jeraha lilikuwa dogo. Lilipakwa majivu, likapona, likasahauliwa. Baadaye mtoto akaanza homa, kisha akawa anashtuka kila alipoletewa kikombe cha maji. Watu wakasema amerogwa. Muda wa thamani ukapotea kwa mganga, na paka wa bibi mmoja jirani akauawa kwa mawe, akidhaniwa kuwa mjumbe wa wachawi. Bibi mwenyewe aliokolewa na viongozi wa jumuiya waliosimama mlangoni pake. Baada ya maziko mama wa marehemu alituuliza, "Padre, kidonda kilikuwa kimekwisha kupona. Kwa nini amekufa?"

Swali lile linastahili jibu la wazi. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa njia ya jeraha, halafu husafiri polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, wakati ngozi imekwisha kufunga na mtu anajiona mzima. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, chanjo inaweza kumwokoa mtu. Hii si habari mpya, maana Louis Pasteur alimchanja kijana Joseph Meister huko Ufaransa mwaka 1885, na kijana yule akaishi. Hata hivyo, yakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Hapakuwa na uchawi katika msiba ule. Palikuwa na mbwa ambaye hakuchanjwa.

Basi tushike mambo haya. Mtu aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, aoshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Asipake majivu wala mafuta ya taa. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na akianza chanjo amalize dozi zote kama atakavyoelekezwa. Mbwa akiweza kufungwa kwa usalama, aangaliwe siku 10 na bwana mifugo apewe taarifa. Lakini mgonjwa asingoje siku hizo ndipo aende kutibiwa.

Kinga iliyo bora huanza kwa mnyama mwenyewe. Wataalamu hutufundisha kwamba asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Ushahidi hauko mbali nasi. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Tangu miaka ile ya 1990 kampeni za kuchanja mbwa zimefanyika katika vijiji vinavyozunguka hifadhi, na Meatu, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ni miongoni mwa wilaya zilizo jirani na hifadhi hiyo. Mbwa walikochanjwa kwa wingi, watu waliohitaji matibabu ya kung'atwa walipungua. Kwa hiyo bwana mifugo akitangaza siku ya chanjo, tupeleke mbwa wote na paka pia, hata wale wachanga.

Aidha, mnyama apate maji safi, chakula na kivuli. Asifungwe mnyororo juani mchana kutwa. Apewe dawa ya minyoo, kwani baadhi ya minyoo yake huwapata watoto wanaocheza mchangani. Tunapochinja, tusimtupie mapafu wala maini mabichi yenye malengelenge, maana humo hutoka mabuu ya tegu. Tuwe waangalifu na sumu ya panya, kwa kuwa paka akila panya aliyekufa kwa sumu, naye aweza kufa.

Kwa ndugu zetu wachimbaji tunaongeza neno. Msiwaache wanyama wanywe maji ya mabwawa ya sayanaidi, wala msichome zebaki nyumbani. Huko Minamata, Japani, katika miaka ya 1950, paka walianza kutetemeka na kufa kabla watu hawajatambua kwamba samaki wao walikuwa na sumu ya zebaki iliyotoka kiwandani. Mwaka 1956 ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi kwa binadamu. Mkataba wa kimataifa juu ya zebaki umepewa jina la mji huo. Huko sumu ilipita katika samaki. Nyumbani mwetu hupita katika moshi. Lakini fundisho ni moja: kinachomdhuru paka sebuleni hakimwachi mtoto aliyelala chumba cha pili.

Wengine watauliza kama ni haki kutumia fedha kwa mbwa wakati jirani ana njaa. Katekisimu ya Kanisa inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: kuwatesa wanyama bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu, na haifai kuwatumia fedha ambazo zingepaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Chanjo ya mbwa hutimiza yote mawili, maana humkinga mbwa na humkinga mtoto wa jirani maskini ambaye hana nauli ya kufika hospitali.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, katika mkutano wa juma hili, waandike idadi ya mbwa na paka wa kila kaya, ili tumwombe bwana mifugo aje kigangoni. Na yule mama tumwombee, naye bibi jirani tumtembelee.

Mungu awabariki nyote.