Kurasa za Filamu, Kusini mwa Likoni

Mwandishi wa kumbukumbu hizi ni mzaliwa wa Msambweni, na riziki yake imetoka kwenye kurasa za burudani za majarida ya Nairobi. Kuandika habari za filamu ukiwa upande huu wa Likoni kuna gharama zake: matatu hadi Ukunda, nyingine hadi kivukoni, feri, kisha matatu tena hadi ukumbi wa sinema wa Nyali. Malipo ya makala hayakufidia nauli.

Kwao filamu zilitazamwa kibandani, DJ Afro akizisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani. Mwandishi alipopendekeza kumwandika, akaambiwa hiyo si sinema.

Mwaka 2012 ndio uliompa kazi. Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania Oscar. Mwaka uo huo Ulrich Seidl wa Austria akaipeleka Cannes Paradies: Liebe, kisa cha mama wa makamo wa Kizungu anayesaka mapenzi kwa vijana wa ufuoni, papa hapa pwani ya Kenya. Ufuoni Diani kila mtu alikuwa na maoni, hata wasioitazama, nao ndio waliokuwa wengi.

Mhariri alitaka uvumi. Mwandishi alitaka kueleza kazi yenyewe: Seidl hawaandikii waigizaji wake maneno ya kusema, huwapa hali, wao wakajitafutia la kutamka mbele ya kamera. Margarete Tiesel, mwigizaji mkuu, alikuja na uzoefu wa jukwaani. Peter Kazungu, aliyeigiza mmoja wa vijana hao wa ufuoni, hakuwa nao, na bado anasimama naye bega kwa bega onyesho baada ya onyesho. Kama huo si ustadi, ni nini? Aya hiyo ilikatwa.

Filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipopigwa marufuku 2018, kisha mahakama ikairuhusu kwa siku saba tu, kurasa zilijaa habari za marufuku. Samantha Mugatsia, kwa kuigiza kwake humo, alitunukiwa kwenye tamasha la filamu la FESPACO 2019 kama mwigizaji bora wa kike. Mwandishi alipewa mistari michache ya kulisema hilo.

Kisha 2023 Mvera ya Daudi Anguka, filamu ya Pwani kuhusu biashara ya viungo vya binadamu, ikachaguliwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar. Mhariri mwingine akapiga simu. Je, kuna mwigizaji aliyewahi kuwa kijana wa ufuoni? Mwandishi akamuuliza kama waigizaji wa Nairobi nao huulizwa walikotoka kabla ya kuulizwa walichoigiza.