Kadi ya Kadiri

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii huelekezwa aghalabu kwa yule anayepoteza msimu akizichambua zana, ilhali wenzake wamekwisha kupanda na mbegu zimeanza kuchipuka. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kulima katika ardhi kame ya Ukambani anajua kwamba jembe zito humchosha mwenye mkono dhaifu kabla ya jua kupanda, na jembe jepesi hupinda linapokutana na udongo uliokauka. Mkulima wa huko hachagui kwa sababu ya uvivu. Anachagua kwa sababu hana mtaji wa kukosea mara mbili.

Miongoni mwa majembe ya kizazi cha sasa ni kadi ya michoro, yaani kile kibao chenye feni kinachopachikwa ndani ya tarakilishi ili kuchora picha za michezo kwa kasi inayoridhisha jicho. Kampuni za NVIDIA na AMD za Marekani huzipanga kadi zao kwa matabaka: za chini, za kati na za juu. Hizo za kati ndizo zinazowasumbua wanunuzi wengi, maadam za chini hazitoshi na za juu hazishikiki kwa bei. Kwa Kiswahili zinaweza kuitwa kadi za wastani, lakini lugha ina neno jingine linalofaa zaidi, nalo ni kadiri. Kitu cha kadiri si kikubwa wala si kidogo. Wakati huo huo, kadiri ni kipimo: mtu hula kadiri ya njaa yake na hujenga kadiri ya uwezo wake. Muuzaji wa jijini hutumia maana ya kwanza. Mnunuzi wa Kitui hana budi kuitumia ile ya pili.

Kijana mmoja wa Mwingi, katika Kaunti ya Kitui, alilitambua jambo hili mwanzoni mwa mwaka 2024. Mvua za vuli za mwaka uliotangulia, zilizoambatana na El Niño, zilikuwa nyingi, na shamba la mama yake likatoa ndengu za kuuza. Kijana alikuwa amekodi chumba chenye paa la mabati karibu na soko, akinuia kuwatoza vijana wenzake kwa kila mechi ya kandanda watakayoicheza mbele ya kioo. Tayari alikuwa na Dell OptiPlex 9020, tarakilishi ya mtumba iliyowahi kutumika ofisini. Kilichokosekana ni kadi. Mama alimkabidhi pesa za ndengu kwa sharti moja: zirudi kabla ya muhula wa pili, kwa kuwa ndizo karo ya dada yake.

Katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, alikuwa ameziona kadi tatu. Ya kwanza ilikuwa Radeon RX 580 ya mwaka 2017, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8. Ilikuwa ya mtumba na bei yake ilivutia. Kadi za aina hiyo zilitumika kwa wingi kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum, hadi mtandao huo ulipobadilisha utaratibu wake mnamo tarehe 15 Septemba 2022. Hapo uchimbaji ukakoma na kadi nyingi zikamwagwa sokoni. Ya pili ilikuwa GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye gigabaiti 4. Ya tatu ilikuwa Radeon RX 6400 ya mwaka 2022, nayo pia ya gigabaiti 4.

Moyo wa kijana ulikuwa umekwisha kuichagua ile ya kwanza, wala sababu haikuwa wateja. Tangu utotoni alikuwa ameitazama michezo mikubwa juu ya mabega ya wenzake, akisubiri zamu ambayo mara nyingi haikumfikia. Alitamani kwamba chumba kikishafungwa usiku, aingie peke yake katika ile miji na misitu ya kioo, aone mwanga ukipenya kwenye majani, na asiwepo wa kumwambia muda umekwisha. Matamanio hayo hakumwambia mama.

Kabla ya kununua alifunga safari hadi Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, kwa mjomba wake aliyekuwa fundi wa tarakilishi. Hii ndiyo kaunti ambako ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza ulizinduliwa mwaka 2013, lakini mjomba alifanya hesabu zake kwa kalamu nyuma ya risiti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hebu nieleze, hiyo mashine yako inagawa wati ngapi?"

"Imeandikwa 290, mjomba."

"Haya. Kichakataji chako ni i5 ya kizazi cha nne, wati 84. Hiyo kadi unayoililia ni wati 185. Jumlisha."

"269."

"Zimebaki 21. Hizo ndizo za ubao, diski, kumbukumbu na feni. Na hapo hujauona ule waya wa ziada ambao kadi hiyo inadai na mashine yako haina. Utanunua kigawa umeme kipya, halafu utagundua kwamba plagi ya Dell si ya kawaida, ununue na kiungo chake. Je, bei rahisi iko wapi?"

Kijana alitetea kidogo. "Basi nichukue ile ya 2022, mjomba. Ndiyo mpya, na inakula wati 53 tu."

Mjomba alitikisa kichwa. Alimweleza kwamba kadi huzungumza na ubao wa tarakilishi kupitia njia nyingi zinazokwenda sambamba. GTX 1650 ina njia 16, ilhali RX 6400 ina njia 4 pekee. Katika ubao wa kisasa njia hizo nne ni pana na huenda zikatosha, lakini katika ubao wa zamani kama ule wa OptiPlex kila njia ni nyembamba zaidi, na hapo kadi hupungukiwa na kasi. Upya wake ungefaa katika mashine mpya. Iliyobaki ni ile ya katikati: wati 75, kiasi ambacho tundu la kadi kwenye ubao linaweza kutoa lenyewe bila waya wa ziada.

Aliporejea Mwingi, ilimbidi kijana amweleze mama jambo lile lile. Huko Nairobi maneno yote yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza kwenye maboksi, naye alikuwa ameyarudia kwa ufasaha bila kuyauliza yana maana gani. Kwa mama hakuwa na njia hiyo. Akasema kwamba kumbukumbu ya kadi ni kama meza ya muuzaji sokoni: iliyo ndogo humlazimu arudi ghalani kila mara kuleta bidhaa, na wateja wakingoja. Mama alisikiliza, kisha akauliza maswali matatu kwa Kikamba. Inakula umeme kiasi gani? Wateja wako wanataka kuona nini? Ikiharibika, nani ataitengeneza?

Maswali hayo hayakuwa yameandikwa kwenye boksi lolote. Kijana alichukua karatasi. Tofauti kati ya wati 185 na wati 75 ni wati 110. Chumba kikiwa wazi kwa saa 10 kwa siku, na kadi ikifanya kazi kwa nguvu zote, tofauti hiyo ni uniti 1.1, kwa siku 30 ni uniti 33 za tokeni, mbali na joto litakalotolewa chini ya mabati yanayochomwa na jua. Wateja walitaka kandanda, na michezo ya zamani kama Grand Theft Auto V, iliyowafikia watumiaji wa tarakilishi mwaka 2015. Yote hiyo kadi ya kati iliimudu. Na fundi alikuwa mjomba, ambaye alikwisha kutoa hukumu yake.

Kijana aliinunua GTX 1650. Haitakuwa kweli kusema kwamba hakupoteza kitu. Gigabaiti 4 ni meza ndogo, na michezo mingi mikubwa iliyotolewa miaka ya karibuni haipangiki juu yake ila kwa kupunguza uzuri wa picha. Usiku wa kwanza alijaribu mmojawapo. Majani yalikuwa mabapa na mwanga haukupenya popote. Aliuzima akafagia chumba.

Kwa upande mwingine, uamuzi huo umestahimili muda. NVIDIA ilikoma kutoa programu mpya za michezo kwa kadi kongwe kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 baada ya Oktoba 2025, ambapo GTX 1650, iliyo ya kizazi kilichofuata, haikuguswa na uamuzi huo.

Kufikia Aprili 2024, pesa zilizorudi hazikuwa zimetimia. Kisha mafuriko yakaikumba nchi, na shule zilizotarajiwa kufunguliwa tarehe 29 Aprili zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Majuma hayo mawili yaliyowatesa wengi yalikijaza chumba cha Mwingi wanafunzi waliokuwa nyumbani. Dada yake alikwenda shuleni na sehemu kubwa ya karo. Iliyosalia mama aliikubali kuwa deni, naye kijana akaiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mapato. Kwenye ukurasa wa mwisho aliandika jina la kadi iliyotoka Februari mwaka huo, RTX 3050 ya gigabaiti 6, inayotumia wati 70 na kuingia katika tundu lile lile. Hakuandika tarehe ya kuinunua.

Wanafunzi wa Kiswahili huulizwa mara kwa mara kama lugha hii inaweza kubeba mambo ya teknolojia, nao hujibu kwa orodha za istilahi. Orodha hizo zina faida. Lakini kijana huyu alikuwa na istilahi zote za Kiingereza na bado alikuwa njiani kupoteza karo ya dada yake. Kadi aliielewa siku alipolazimika kuieleza kwa lugha ya watu ambao pesa zilikuwa zao, na akaulizwa inakula kiasi gani.