Dakika Tatu

Watu wengi wakisimulia siku zao mbaya za mchezo huanza kwa kumlaumu refa. Sisi tunaocheza gofu ya diski huku kwetu Kitui hatuna refa wa kulaumu. Tuna miba, nyuki, mbuzi wa wenyewe na mto wa mchanga. Nimeshindwa na vyote.

Kama hujawahi kuusikia mchezo huu, usijali. Mamangu mpaka leo anauita "ile kazi yako ya kutupa visahani." Unachukua diski ya plastiki, ndogo na nzito kuliko ile ya watoto ya kurushiana ufuoni, unairusha kuelekea kikapu cha chuma chenye minyororo. Unaifuata ilipoangukia, unasimama hapo hapo, unarusha tena. Atakayefika kwa mirusho michache ndiye bingwa. Kikapu hicho kilibuniwa miaka ya sabini na Mmarekani aitwaye Ed Headrick, na uwanja wa kwanza rasmi ulifunguliwa California mwaka wa 1975. Headrick alipofariki mwaka wa 2002, majivu yake yalichanganywa na plastiki yakatengenezewa diski, kwa sababu hivyo ndivyo alivyotaka. Nilipomweleza baba habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi nizikeni tu pale kwa mwembe."

Diski zangu tano zililetwa na mjomba, anayefanya kazi ya kutunza wazee huko Minnesota. Alikuja Desemba 2022 na masanduku mawili, kila mtu akapata viatu. Mimi nikapewa diski. Nilikasirika, sitadanganya. Lakini mjomba alinifundisha kurusha kwa wiki mbili nzima, na alipoondoka aliniachia ile aliyokuwa akitumia mwenyewe, ya rangi ya chungwa, gramu 175, herufi za jina lake zimeandikwa kwa kalamu nyeusi upande wa ndani.

Kijijini kwetu hakuna kikapu wala mnyororo, kwa hiyo mimi na binamu yangu tulichagua shabaha tisa. Ya kwanza mwarobaini wa kanisani, ya pili nguzo ya stima, ya tatu mbuyu, na kuendelea hivyo mpaka ya tisa, jiwe moja ng'ambo ya mto. Ukisimama kwenye ile ya tano unaliona Ivia ya Nzambani kwa mbali, lile jabali ambalo wazee husema ukilizunguka mara saba unageuka, mwanamume anakuwa mwanamke na mwanamke anakuwa mwanamume. Binamu yangu husema kwa vile ninavyorusha, nikijaribu huenda nikaboreka.

Siku mbaya ya kwanza ilikuwa ya mgunga. Diski ilipaa vizuri, ikapinda kushoto kama kawaida yake, ikakwama juu kabisa. Tulirusha mawe, tukarusha fimbo, tukarusha diski nyingine ili iikomboe ile ya kwanza. Diski mbili juu. Nikapanda. Kushuka ndiko kulikonishinda. Mwiba ulinishika suruali kwa nyuma nikabaki nimening'inia, na wakati huo huo kina mama wa kikundi cha merry-go-round wakapita wakitoka mkutanoni. Walisimama. Mmoja akauliza kama mimi si yule kijana aliyeenda yunivasiti Nairobi. Binamu yangu akajibu kwa fahari, "Ndiye!"

Hiyo naweza kuicheka. Ya pili siwezi sana.

Ukanda wetu unajulikana kwa asali, na mizinga ya magogo hutundikwa kwenye miti popote. Shabaha ya sita ilikuwa mti ulio hatua kama thelathini kutoka kwenye mzinga wa mzee jirani. Tulijua. Tulikuwa tumecheza hapo mara nyingi bila shida, na mtu akishazoea hatari haioni tena. Siku hiyo nikarusha kwa hasira, maana nilikuwa nimeachwa mirusho minne. Diski ikagonga mzinga katikati. Sauti yake sijaisahau, kama mtu amebisha mlango.

Tulikimbia. Baadaye nilihesabu mahali kumi na saba nilipoumwa, jicho moja halikufunguka kwa siku mbili. Lakini sisi tulikuwa na miguu. Mbuzi jike wa mzee huyo alikuwa amefungwa kwa kamba chini ya kichaka kilicho karibu, na kamba haikukatika. Tulimsikia. Tulisimama mbali tukamsikia mpaka akanyamaza.

Jioni baba alitoka zizini akivuta mbuzi wetu mmoja, mwenye mimba, akampeleka kwa mzee. Hakunigombeza. Aliporudi alinawa mikono, akaketi, akauliza, "Jicho linaendeleaje?" Ningependa zaidi kama angenichapa.

Sasa lazima niseme kwa nini nilikuwa nyumbani Oktoba 2023, katikati ya semista, nikirusha plastiki mchana kutwa. Nilikuwa nimewaambia wazazi ni likizo ndefu. Mama aliamini. Baba hakusema kama anaamini.

Ukweli ni kwamba Agosti baba aliuza fahali. Fahali alikuwa mmoja tu, yule wa kulima. Akapata elfu arobaini na tano, akanitumia elfu arobaini na mbili za karo kwa M-Pesa, na ujumbe mfupi: *Soma.* Nilizipokea saa mbili usiku. Kulikuwa na ule mchezo wa kamari wa kindege kinachopaa kwenye simu, kila mtu hosteli alikuwa akiucheza. Unaweka pesa, kindege kinapaa, hela zinaongezeka, unatakiwa kutoa kabla hakijapotea. Nikasema niweke elfu moja nipate ya matumizi nisiguse karo. Ikaenda. Nikaweka nyingine kuirudisha ile. Ikaenda. Kufikia saa tisa usiku nilikuwa na shilingi mia mbili na kumi. Nilikaa kitandani na nguo zangu zote mpaka kukapambazuka, kisha nikampigia baba nikamwambia zimefika, asante.

Bila karo hakuna kadi ya mtihani. Bila mtihani hakuna semista. Nikapanda matatu nikarudi nyumbani na diski zangu.

Siku mbaya ya tatu ni ya Novemba. Mvua ya mwaka huo mnaikumbuka, ilikuwa ya El Niño, barabara zilikatika nchi nzima. Mto wetu, kama mito mingi ya Kitui, huwa ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Kina mama huchimba visima humo, punda hushuka na mitungi, watoto hucheza mpira. Ukija mgeni utacheka ukiambiwa huo ni mto. Ila mvua ikinyesha huko juu, maji huja hata kama ulipo kuna jua. Hayapandi polepole. Yanafika.

Binamu yangu siku hiyo alikataa kucheza shabaha ya tisa. Aliangalia mawingu upande wa vilimani akasema tuishie hapo. Nilikuwa naongoza kwa mrusho mmoja. Nikarusha peke yangu, na ile ya chungwa ya mjomba. Upepo ukaipiga, ikaanguka katikati ya mto, kando ya tawi kavu. Nikashuka kuifuata, na hapo ndipo nikaona mchanga unabadilika rangi.

Maji yalikuwa ya vidole tu. Nikahesabu hatua, kama ishirini. Nilipofika kumi yalikuwa ya goti, na yalikuwa yanavuta. Diski niliiona bado, imeshikiliwa na lile tawi, inatikisika. Kitu cha ajabu ni kwamba sikuogopa. Nilihisi vilevile nilivyohisi ule usiku wa kindege: karibu, karibu kabisa, moja tu zaidi.

Sikumsikia baba akiita. Nilichohisi ni shati kunibana shingoni. Alikuwa ametoka kutafuta mbuzi, akaingia majini na viatu vyake, akanivuta kinyumenyume kama ndama. Tuliangukia ukingoni. Tulipogeuka, tawi halikuwepo, diski haikuwepo, na mto ulikuwa umejaa, mwekundu, unanguruma.

"Enziu hukuisikia?" aliniuliza. Alikuwa anatetemeka.

Nani Kitui hajaisikia. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu kule Mwingi, wakafa watu zaidi ya 30. Nchi nzima ilitazama kwenye simu.

Tukakaa. Baada ya muda akauliza, "Hicho kitu ni pesa ngapi?"

"Kama elfu mbili."

"Elfu mbili." Alilisema polepole, kama anayelipima. "Ungekufa kwa elfu mbili?"

Na mimi, ambaye nilikuwa nimepanga uongo wa mpaka Januari, nikafungua mdomo nikamwambia yote. Fahali. Kindege. Simu ya asubuhi ile. Nilisema nikitazama maji kwa sababu uso wake sikuweza.

Alinyamaza mpaka nikadhani hakunielewa. Kisha akauliza, "Zote usiku mmoja?"

"Zote."

"Mwanzo uliweka ngapi?"

"Elfu moja."

"Na hizo arobaini na moja zingine?"

"Nilikuwa naitafuta ile moja."

Hakusema kitu tena. Aliinuka, akakamua maji kwenye suruali yake, akaenda kutafuta mbuzi. Wiki nzima hakuzungumza nami ila kwa mambo ya lazima: leta jembe, funga zizi. Msimu huo tulilima kwa mkono, mimi na yeye, mistari miwili sambamba, mahali ambapo fahali angepita kwa siku tatu. Tulichukua siku kumi na tisa. Ndengu zetu ziliota zikiwa zimechelewa kuliko za majirani.

Kuna sheria moja ya mchezo huu ambayo mimi na binamu yangu tulikuwa tukiipuuza kila siku. Diski ikipotea, una dakika tatu za kuitafuta. Zikiisha hujaiona, imepotea rasmi. Unaongezewa mrusho mmoja wa adhabu, unarudi pale uliporushia, unarusha nyingine. Zamani niliiona sheria ya watu matajiri. Mtu mwenye diski tano atatafutaje kwa dakika tatu? Sisi tulitafuta mpaka giza, mpaka usiku na tochi ya simu. Tulikanyaga ndengu za watu tukitafuta. Niliwahi kukosa mazishi ya jirani nikitafuta.

Siku hizi tunaifuata. Binamu yangu ndiye hushika saa. Dakika ya kwanza huwa rahisi, ya pili unaanza kufunua kila kichaka. Ya tatu ndiyo ngumu, maana akili inakuambia iko hapo hapo ulipokaribia kuangalia. Anaposema "imeisha" mwili wangu wote unakataa. Kila mara. Sijapona, naona ni afadhali niseme hivyo. Simu niliyonayo sasa ni ya vitufe, na laptopu ninayoandikia hii nimeiazima.

Diski zimebaki tatu. Mjomba nilimwambia kuhusu ile ya chungwa. Alicheka tu, akasema huko Minnesota maziwa yamekula zake nyingi. Chuo sijarudi, na sijui kama nitarudi. Naandika. Makala moja inalipa elfu mbili, nyingine elfu tatu, nyingine "tutakupigia." Zikiingia, nusu nampelekea baba mkononi, noti. M-Pesa alikataa.

Ana daftari la watoto la kurasa thelathini na mbili, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ameandika juu *Fahali*, na chini yake tarehe na kiasi, tarehe na kiasi. Mwezi uliopita nilimpelekea elfu moja na mia tano. Alizihesabu mara mbili, akaandika, akapiga hesabu ya kutoa pembeni kwa kalamu ya risasi, akanionyesha ili nami nihakikishe.

Imebaki elfu thelathini na moja.