Bei ya Kitambaa Anlu

Katika karne ya kwanza, mwanahistoria Ban Gu aliingiza ndani ya historia yake ya nasaba ya Han orodha ya vitabu vya maktaba ya kifalme. Ni zaidi ya juzuu 13,000. Orodha ipo hadi leo. Vitabu vyenyewe, sehemu kubwa, vimepotea. Palikuwa na kitabu cha kuomba mvua na kuizuia, juzuu 26. Palikuwa na cha kupanda miti, kuhifadhi matunda na kufuga viwavi wa hariri, juzuu 13. Na kuna kimoja ambacho hakinitoki akilini: cha kubashiri kwa chafya na kwa mvumo wa masikio, juzuu 16. Jina, idadi, basi.

Juzuu kumi na sita za chafya! Yawezekana ulikuwa upuuzi mtupu. Lakini hekima ya wakubwa hupata wa kuinakili kila zama, ilhali upuuzi wa watu wa kawaida, wanachokiogopa wakiamka asubuhi na wanachokicheka jioni, ukishapotea hauna wa kuurudisha.

Hasara ya vitabu vya China ikitajwa, wengi humtupia lawama mfalme Qin Shi Huang na amri yake ya mwaka 213 K.K. Lawama anastahili. Ila amri ile, aliyoipendekeza waziri wake Li Si, ililenga vitabu vilivyokuwa mikononi mwa watu. Vya tiba, ramli na kilimo viliachwa, na wasomi wa ikulu waliruhusiwa kubaki na nakala zao. Mwaka 206 K.K. jemadari Xiang Yu, aliyeshiriki kuuangusha utawala wa Qin, aliyachoma majumba ya kifalme ya Xianyang, mji mkuu wake. Mwanahistoria Sima Qian anasema moto uliwaka miezi mitatu. Wako wanahistoria wanaouona moto huu wa pili kuwa ndio uliomaliza kazi, kwa kuteketeza nakala za ikulu.

Na haukuwa wa mwisho. Mwaka 190, jemadari Dong Zhuo alipouhamisha mji mkuu kwa nguvu kutoka Luoyang, askari waliziona hati za hariri wakaona kitambaa: kubwa waliziunga kuwa maturubai ya magari, ndogo wakashona mifuko. Mwaka 554 mji wa Jiangling ulizingirwa, na mfalme Yuan wa Liang, mtu aliyependa vitabu kupita kiasi na mwandishi yeye mwenyewe, akatia moto maktaba yake, juzuu 140,000 kwa hesabu ya wanahistoria. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba amesoma juzuu elfu kumi na bado mambo yamefikia hapo. Huyu simsamehe. Askari wa Dong Zhuo hawakujua walichokishika, yeye alijua.

Fu Sheng, msomi wa Jinan, alitenda kinyume chake. Wakati wa amri ya Qin alificha kitabu cha kumbukumbu za wafalme wa kale ndani ya ukuta wa nyumba yake, kisha vita vikamtimua. Aliporudi akabomoa ukuta, sura makumi zilikuwa zimepotea. Zilizobaki ni 29. Alizifundisha hizo 29. Alipokuwa ameshapita miaka 90 na hawezi tena safari, mfalme Wen wa Han ilimbidi amtume mtu nyumbani kwake akajifunze. Kila nikifikiri juu ya mzee huyu namwona siku ile ya ukuta, ameshika rundo jepesi kuliko alilolificha, na anajua kwa kichwa kilichokosekana.

Hivyo ndivyo vilivyolindwa. Vilivyotupwa vilikuwa na bahati nyingine. Mwaka 2002, huko Liye mkoani Hunan, wachimbaji waliingia katika kisima cha kale wakakuta zaidi ya vipande 36,000 vya mbao na mianzi vyenye maandishi: karatasi za ofisi ya wilaya moja ya zama za Qin, tukiweza kuziita karatasi. Mna mambo ya nafaka, wafungwa, barua za kiofisi, hata jedwali la kuzidisha. Vipande hivyo vilimwagwa humo kama taka utawala ulipokuwa ukiporomoka. Utawala uleule uliochoma vitabu vya watu umetuachia majalada yake, na hakuna aliyekusudia.

Lakini ninachotaka hasa kukizungumzia kiko Shuihudi, mkoani Hubei. Mwishoni mwa 1975 wakulima waliokuwa wakichimba mfereji walifumua makaburi ya zama za Qin, na katika kaburi la 4 mkatoka vibao viwili vya mbao, vimeandikwa kwa wino pande zote mbili. Kimoja kina urefu wa sentimita 23 hivi, kingine kimevunjika. Ni barua za ndugu wawili, Heifu na Jing, askari wa Qin waliokuwa vitani Huaiyang mwaka 223 K.K., kwa ndugu yao Zhong aliyebaki nyumbani na mama.

Sisi tuliosoma bweni barua ya namna hii tunaifahamu: kwanza mama hajambo, kisha mashangazi na wazee wa mtaa mmoja mmoja, halafu dhumuni la barua, nalo ni pesa. Heifu anaomba mama aangalie bei ya kitambaa cha hariri huko kwao Anlu. Kama ni rahisi, amshonee nguo nyepesi aitume pamoja na fedha. Kama ni ghali, atume fedha tu, atanunua kitambaa hukohuko. Anagusia kwamba wataupiga mji, na kujeruhiwa hakujulikani. Sentensi moja, kisha anarudi kwenye mizigo. Jing hana subira hiyo. Anataka sarafu 500 au 600 na kitambaa kizuri, ameshatumia fedha za mtu aitwaye Yuan Bai, na nyumbani wasipotuma atakufa. Neno la kuharakisha analirudia mara tatu. Anamuulizia pia mke wake, bado bibi arusi.

Kaburi linaaminika kuwa la Zhong. Vibao hivi havikutupwa, wala havikutunzwa kwa ajili yetu. Mtu aliyekuwa akimzika alivichukua akaviweka pamoja naye, na udongo uliojaa maji ukafanya kazi ambayo maktaba za kifalme hazikuiweza. Sidhani mtu huzika hivyo barua za kuomba pesa, kama waliozituma wamesharudi na wako mlangoni.

Heifu alisisitiza ajibiwe. Alitaka jibu lieleze kama cheo cha kifamilia, kile serikali ya Qin ilichowapa askari wake kwa vita, kimeshafika nyumbani au bado.