Aliyesimama Kando ya Skrini

Siku hizi umeme ukikatika Bukavu, hakuna anayeinuka. Televisheni inanyamaza katikati ya neno, sebule inaingia giza, na papo hapo nyuso zinaanza kuwaka bluu moja baada ya nyingine. Kila mtu na simu yake, kila mtu na filamu yake. SNEL wakirudisha umeme, pengine ni mtoto mdogo peke yake atakayepiga kelele za furaha, kwa kuwa ndiye hana simu bado. Sina ugomvi na mwanga huo. Tumelala gizani vya kutosha katika mji huu. Ila mimi nilikulia Kadutu wakati delestaji, huko kukatwa kwa umeme kwa zamu, ilikuwa nusu ya burudani, na nusu hiyo ndiyo niliyokuwa nikiingojea.

Sali yetu ya video ilikuwa chumba cha mbao na mabati kwenye mteremko, ukitoka soko la Kadutu unateremka. Ardhi tambarare haipatikani kwetu, kwa hiyo hata mabenchi yaliinama upande mmoja, na aliyekaa mwisho wa benchi alibeba uzito wa wenzake wote mpaka filamu iishe. Mbele palikuwa na meza iliyofunikwa pazia, juu yake televisheni ya inchi 21, chini yake deki ya kaseti. Kando ya deki kulikaa chupa ya alkoholi na kipande cha kitambaa: picha ikianza kunyesha mvua, mwenye sali alisimamisha kila kitu, akafungua deki, akapangusa kichwa chake kwa utaratibu wa daktari. Nje ya mlango uliegemea ubao uliochorwa kwa brashi. Rambo alikuwa na shingo nene kuliko kichwa, Bruce Lee amevaa yale mavazi yake ya manjano, na damu ilimiminika mpaka chini ya ubao. Mchoraji hakuwa ameiona filamu yoyote kati ya hizo. Alinakili ganda la kaseti, kisha akaongeza damu kwa ukarimu wake mwenyewe.

Kiingilio tulilipa kwa noti za Mobutu. Mwaka 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5, na mwaka uliofuata ikaja zaire mpya kufuta zile sifuri, zaire milioni 3 za zamani kwa moja mpya. Sijui kama kuna watoto wengi duniani waliolipa mamilioni ili kumtazama Schwarzenegger.

Lakini hatukwenda kwa ajili ya Schwarzenegger. Tulimwendea mtu aliyesimama kando ya televisheni na fimbo mkononi. Tulimwita Profesa. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, kwa Kichina, kwa Kihindi, na yeye Kiingereza alikuwa nacho kiasi, Kihindi alikibahatisha, Kichina hata salamu hakuijua. Hilo halikumzuia. Kwake mtu mbaya daima aliishi Muhumba, kwenye nyumba inayotazama ziwa, na kijana shujaa alitoka Cimpunda akiwa na deni la kodi ya nyumba. Helikopta zote ziliruka kutoka Kavumu. Mama mzee wa Kichina alipolia, alilia kwa Mashi, lugha ya vilima vyetu. Tajiri alisema Kifaransa. Askari, awe wa Marekani, wa Hong Kong au wa Bombay, alisema Kilingala tu, kwa sababu wanajeshi waliokuwa wakituomba vitambulisho barabarani walisema Kilingala. Kila askari alipofungua mdomo, sali nzima iliangua kicheko, na nadhani palikuwa mahali pekee mjini ambapo mtu angeweza kumcheka askari bila kutazama nyuma kwanza.

Umeme ulipokatika, mwenye sali alitoka nje kulijaribu grupu lake la umeme, ikiwa kulikuwa na petroli. Mara nyingi haikuwepo. Hapo Profesa aliwasha tochi, akaielekeza usoni mwake kutoka chini ya kidevu, akaendelea na filamu kana kwamba hakuna kilichotokea. Alikuwa ameiona? Baadhi aliziona, nyingine sina hakika. Tulimkatiza. "Hapana, Profesa, huyo hawezi kumwoa, si alimuulia kaka yake?" Alinyamaza kidogo, akakubali hoja, akamrudisha bibi harusi kwao. Siku nyingine alikataa katakata na watu wakatoka wakiwa wamegawanyika vyama viwili, wakibishana mpaka Nyamugo. Miaka mingi baadaye niliziona baadhi ya filamu hizo zikiwa nzima, na karibu zote zilinipunguzia hamu. Mwisho wa Hollywood ulikuwa mwepesi kuliko wa kwetu.

Profesa hakuianzisha kazi ile, ingawa yeye mwenyewe angeapa kwamba ni yake. Baba yangu alinisimulia sinema za mapadri. Katika miaka ya 1950 Wamisionari wa Afrika, hao Mapadri Weupe, walikuwa na nyumba yao ya filamu hapa hapa mjini, Africa Films, iliyoongozwa na Padri Roger De Vloo, wakati mji ukiwa ndiyo kwanza unalivua jina la Costermansville. Utawala wa Wabelgiji haukumruhusu Mwafrika kuingia kwenye sinema za Wazungu. Kwake zilitengenezwa filamu za adabu, kama vichekesho vya Matamata na Pilipili vya Padri Albert Van Haelst vilivyotoka Luluabourg, Kananga ya leo. Shuka jeupe lilitundikwa uwanjani, mashine ikanguruma, na kando ya shuka akasimama mtu wa kueleza kwa lugha ya watu. Baba alisema mwelezaji wa parokia yao alisema anachotakiwa kusema pale padri alipokuwa karibu, na mengine padri alipokwenda kuangalia mashine. Ng'ambo ya Ruzizi, Wanyarwanda wana agasobanuye zao, filamu zenye mwelezaji. Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Profesa wetu hakumsikia hata mmoja wao.

Sitaki kuipamba sali ile. Ilinuka jasho na moshi wa tumbaku, ilimeza ada za shule za watoto ambao hawakurudi tena darasani, na msichana aliyeingia humo alipewa jina baya kabla hajakaa. Dada yangu hakuwahi kukanyaga ndani. Aliuza karanga nje, mgongo kwenye mbao, na filamu zote za utoto wetu anazijua kwa sauti ya Profesa tu. Hakuona ngumi hata moja. Siku moja, tukiwa watu wazima, nilimwekea kwenye kompyuta filamu ambayo alikuwa akiisimulia kwa watoto wake kwa miaka. Alitazama kwa heshima, akasema picha ni nzuri sana, kisha akauliza ile sehemu ya mto iko wapi. Haikuwepo. Profesa aliitunga, au aliitunga dada yangu mwenyewe kutokana na kishindo alichokisikia kupitia mbao.

Kwenye televisheni ya kweli, kwa jirani aliyekuwa nayo, hapakuwa na cha kubishana. Habari zilianza kwa sura ya Mobutu kushuka kutoka mawinguni, na watoto tulikaa sakafuni kimya kama kanisani. Picha ile haikuhitaji mtafsiri, na nadhani hakuna ambaye angethubutu.

Oktoba 1996 vita viliingia mjini, askofu mkuu Munzihirwa akauawa, na katika siku hizo ambapo kila nyumba ilihesabu watu wake, deki na televisheni vya sali yetu viliondoka pia. Hakuna aliyeuliza viliko. Sali zilirudi baadaye kwa sura nyingine: diski za Kichina zilizobeba filamu ishirini kila moja, filamu za Nigeria, na hatimaye zile za Tanzania. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akina mama wa mtaani kwetu walimlilia kama kijana wa familia. Filamu hizo zilikuja zikisema Kiswahili zenyewe, tena kile laini cha Dar es Salaam, na watoto wakaanza kusema "jamani" kana kwamba walizaliwa Kariakoo. Hazikumhitaji mtu wa kusimama kando. Wala sikusikitika wakati ule. Nilifurahi kwamba sasa dada yangu anaweza kutazama akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Na kuna mtu wa kwetu ambaye hatukumwona kabisa. Mweze Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950. Ndiye aliyeongoza, pamoja na Benoît Lamy, "La Vie est belle" ya 1987 yenye Papa Wemba, na "Pièces d'identités" yake ilipata tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO mwaka 1999. Sali yetu ilionyesha Wachina wakiruka juu ya mapaa mpaka kaseti ikachakaa. Ya Mweze, hata moja.

Chumba kile leo ni kanisa la uamsho. Mabati mapya, mabenchi yamesawazishwa kwa mawe, na ukutani, palepale palipokuwa na meza, prozekta inaonyesha maneno ya nyimbo juu ya machweo ya bahari ambayo hakuna muumini aliyewahi kuyaona. Niliingia Jumapili moja kwa udadisi tu. Mhubiri, kijana wa tai nyembamba, alihubiri kwa Kifaransa, na ubavuni mwake mzee mmoja alikuwa akigeuza kila sentensi kwa Kiswahili. Mhubiri alisema maneno matatu. Mzee alisema tisa. Mhubiri alimtaja Farao; mzee akampa Farao nyumba inayotazama ziwa. Akina mama wakacheka, mhubiri akageuka kuona amesema nini cha kuchekesha. Sikuwa na haja ya kuuliza jina la mzee. Baada ya ibada nilimwamkia, naye akaniuliza habari za baba, kisha akanilalamikia kwamba vijana wa prozekta wanamharakisha: wanabadilisha picha kabla hajamaliza.

Nilimkumbuka Profesa nilipokuwa nikifuatilia, Septemba 2015, mkasa wa filamu ya Thierry Michel kuhusu daktari Denis Mukwege na wanawake wa hospitali ya Panzi. Filamu yetu kabisa: vilima vyetu, hospitali yetu, lugha zetu. Serikali ya Kinshasa iliizuia isionyeshwe nchini. Ilidai inalichafua jeshi, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba maneno ya wanawake hayakutafsiriwa sawasawa kwa Kifaransa. Wanaojua Mashi na Kiswahili walikuwa hapa, maelfu kwa maelfu, lakini hao ndio waliokatazwa kutazama. Mwezi uliofuata marufuku iliondolewa. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Milo Rau wa Uswisi alikuwa ameleta kamera zake Chuo cha Alfajiri kurekodi kile alichokiita Mahakama ya Kongo, kuhusu migodi na mauaji. Bukavu ya utoto wangu iliutazama ulimwengu. Sasa ulimwengu unaitazama Bukavu, na kila mara ninapotuona kwenye skrini kubwa tumelala hospitalini au tumesimama mahakamani. Sisemi kwamba si kweli. Ila ukitazama filamu hizo hutajua kwamba watu hawa wanapenda kumcheka askari.

Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, tuliuona mji wetu ukitekwa kwenye simu kabla hatujausikia mlangoni. Tarehe 27 ya mwezi huo, milipuko ilipoua watu kwenye mkutano wa Place de l'Indépendance, video zilizunguka kabla majeruhi hawajafikishwa hospitali. Picha safi mno. Ungeweza kutambua kandambili za mtu. Kipande kilekile nilikipokea mara kadhaa, kila mara kikiwa na maandishi tofauti na mhalifu tofauti, na waliokituma sikuwajua. Nilibaki nimeshika simu sebuleni. Mke wangu alikuwa akitazama kipande kingine. Tulichelewa sana kuulizana.

Binti wa kaka yangu anasoma ualimu na anatengeneza vichekesho vifupi vya TikTok. Anajirekodi mwenyewe kwenye ngazi za nyumbani, taa ya duara imeungwa kwenye betri ya sola, na anaigiza watu wote: mama mkwe wa Walungu mwenye Mashi mazito, bwana harusi aliyerudi kutoka Kinshasa, na askari wa kizuizi cha barabarani. Askari anasema Kilingala. Hajawahi kumsikia Profesa. Kanisa lao ni lingine. Nilicheka mpaka nikaomba maji, kisha nikamuuliza yule bwana harusi alifanya nini mwishoni.

"Haiishake, papa mudogo. Inarudiaka ku mwanzo."

Nikatazama tena. Kweli, ilirudi mwanzo. Nikamwambia kwamba kwa maoni yangu bwana harusi asingekubali idadi ile ya ng'ombe, kwamba mtu aliyetoka Kinshasa angebishana kwanza, na mama mkwe angejifanya kuzimia. Alinisikiliza kwa adabu yote ya mtoto mwema.

"Basi uandike mu komanteri."

Niliandika, Kiswahili kirefu chenye nukta na mikato. Alinijibu mtu wa Brussels nisiyemjua, kwa kiuso kinachocheka.